Kadi ya michoro na mazabodi: kuingia ni jambo moja, kufanya kazi ipasavyo ni jingine

Kabla ya kununua kadi ya michoro, wengi huuliza: "Itaingia kwenye mazabodi yangu?", yaani ubao mkuu unaounganisha sehemu zote za kompyuta. Kwa karibu kompyuta zote za mezani unazoweza kukutana nazo leo, jibu ni ndiyo. Kiwango cha PCI Express (PCIe) cha kuunganisha kadi na mazabodi kilitoka mwaka 2003, kikaiondoa AGP, kiwango kilichokitangulia, polepole, na tangu wakati huo sloti ndefu ya kadi ya michoro haijabadilika umbo. Kadi ya toleo la 5.0 hukaa vizuri kwenye sloti ya 2.0, na kadi ya 2.0 hukaa kwenye sloti ya 5.0, zikishakutana hufuata kasi ya ile ya chini.

Kwa hiyo swali la kuingia limekwisha kabla halijaanza. Maswali yenye uzito ni mengine: mazabodi hii itaipa kadi hii njia ngapi za data? BIOS yake, ile programu ya ndani inayoiwasha kompyuta, itaitambua? Na umeme utatoka wapi? Hapo ndipo kadi mbili za umri mmoja na majina yanayokaribiana huachana kabisa, moja ikakufaa na nyingine ikakutia hasara. Nitazilinganisha kwa makundi, maana kasoro ya kadi huonekana zaidi ikiwekwa karibu na mwenzake.

Kwanza ijue mazabodi yako. Kwenye Windows andika msinfo32 katika kisanduku cha kutafuta, ufungue. Utaona jina la mtengenezaji wa bodi, modeli yake, na mstari unaosema kama BIOS inaendeshwa kwa mfumo mpya wa UEFI au ule wa zamani, Legacy. Kwenye Linux, amri ya sudo dmidecode -t baseboard inakupa modeli. Ukishaipata, pakua kitabu cha maelekezo cha modeli hiyo hasa, usiridhike na cha modeli inayofanana. Herufi moja tu mwishoni mwa jina inaweza kumaanisha sloti tofauti.

Toleo, na namba inayosahaulika

Kwenye maelezo ya kadi utakuta maandishi kama "PCIe 4.0 x8". Watu husoma 4.0, wakaridhika, wakaiacha x8. Mimi ningeanza na hiyo x8. Ni idadi ya njia ambazo kadi inazitumia kuzungumza na kompyuta, na kila toleo jipya huongeza kasi ya kila njia takriban mara mbili. Hesabu ikikadiriwa kwa gigabaiti kwa sekunde, kwa upande mmoja, inakuwa hivi:

| Toleo | Njia 4 | Njia 8 | Njia 16 |
|---|---|---|---|
| 2.0 | 2 | 4 | 8 |
| 3.0 | 4 | 8 | 16 |
| 4.0 | 8 | 16 | 32 |
| 5.0 | 16 | 32 | 64 |

Sasa tuchukue kadi tatu za daraja la chini na la kati, ambazo mtu mwenye mazabodi ya miaka kadhaa nyuma anaweza kuzifikiria kwa pamoja:

| | Radeon RX 6500 XT | Radeon RX 6600 | GeForce GTX 1660 Super |
|---|---|---|---|
| Mwaka ilipotoka | 2022 | 2021 | 2019 |
| Toleo na njia | 4.0 x4 | 4.0 x8 | 3.0 x16 |
| Kumbukumbu (ya kawaida) | GB 4 | GB 8 | GB 6 |
| Umeme | wati 107 | wati 132 | wati 125 |
| Kwenye mazabodi ya 4.0 | 8 GB/s | 16 GB/s | 16 GB/s |
| Kwenye mazabodi ya 3.0 | 4 GB/s | 8 GB/s | 16 GB/s |
| Kwenye mazabodi ya 2.0 | 2 GB/s | 4 GB/s | 8 GB/s |

Angalia safu ya kwanza inavyoporomoka. RX 6500 XT ndiyo mpya kuliko zote tatu, na kwa mtu anayefuata mwaka wa kutoka ndiyo ingeonekana salama. Lakini kwenye mazabodi ya 3.0 inabaki na robo ya upana anaoupata mwenzake wa mwaka 2019.

Je, upana huo una maana yoyote kwa mchezaji? Inategemea kumbukumbu ya kadi. Mfikirie fundi cherehani mwenye meza yake. Vitambaa vyote anavyovihitaji vikitosha mezani, hana haja ya kuinuka, na upana wa korido ya kwenda stoo haumhusu. Meza ikijaa, inambidi aende stoo na kurudi kila baada ya mishono michache, na hapo korido nyembamba inamchelewesha kweli. Meza ni kumbukumbu ya kadi, stoo ni RAM ya kompyuta, korido ni hizo njia za PCIe. RX 6500 XT ina meza ndogo na korido nyembamba kwa pamoja, na huo ndio muunganiko mbaya kuliko yote. Gemu inayojaza GB 4 huanza kukwamakwama: picha zinakwenda vizuri kwa sekunde kadhaa, kisha kunatokea mshtuko, kisha zinaendelea. Wanunuzi wengi hudhani ni draiva (programu za kuiendesha kadi), wakazifuta na kuzirudisha bila mafanikio.

RX 6600 nayo hupunguziwa nusu kwenye mazabodi ya 3.0, lakini GB 8 za kumbukumbu huilinda. Inahitaji kwenda stoo mara chache, na hasara yake kwenye gemu nyingi ni ndogo kiasi kwamba hutaiona bila kupima. Kwa mwenye mazabodi ya 3.0, kati ya hizi tatu ningechukua RX 6600 bila kusita. Kwa mwenye mazabodi ya 2.0 ambayo bado ina uhai, ningeegemea GTX 1660 Super, kwa sababu inazitumia njia zote 16 ambazo sloti inazo. RX 6500 XT ningeiweka kwenye mazabodi ya 4.0 peke yake, na hata hapo ningemkumbusha mnunuzi kwamba haina sehemu ya kusimba video, kwa hiyo anayerekodi gemu au kurusha matangazo mubashara atamwachia prosesa kazi yote.

Tahadhari ya macho: urefu wa mguu wa kadi haukuambii idadi ya njia. Kadi nyingi za x8, na hata za x4, zina mguu mrefu wa x16 ili zikae imara kwenye sloti. Geuza kadi uangalie meno ya dhahabu. Mara nyingi utaona yanaishia katikati au mapema zaidi. Kama unanunua kadi iliyotumika na maelezo yake yamepotea, hiyo ni njia ya haraka ya kuikagua.

Mazabodi mbili, na prosesa inayoamua

Tuje upande wa pili. Linganisha mazabodi ya AM4, soketi ya prosesa za AMD, yenye chipseti (chipu inayosimamia viunganishi vya bodi) ya B450 na yenye B550. Soketi ni moja, RAM ni zilezile za DDR4, na prosesa nyingi zinaingia kote kuwili. Tofauti kwa kadi ya michoro ni kwamba sloti kuu ya B450 ni ya 3.0 na ya B550 ni ya 4.0.

Wengi hukomea hapo, na hapo ndipo panapouma. Njia za sloti kuu hazitoki kwenye mazabodi, zinatoka kwenye prosesa. Mazabodi inazipitisha tu. Weka Ryzen 5 5600 kwenye B550, unapata 4.0. Itoe, weka Ryzen 5 5500 au Ryzen 5 5600G kwenye bodi ileile, sloti inashuka hadi 3.0, kwa sababu hizo mbili zimejengwa kwa chipu ya aina nyingine ambayo haina 4.0. Kati ya 5500 na 5600 kuna tofauti ya tarakimu tu katika jina, lakini kwa mwenye kadi ya x4 ni tofauti ya nusu ya kasi ya data.

Upande wa Intel hali ni hiyohiyo kwenye soketi ya LGA1200. Mazabodi ya B560 yenye Core i5-10400 hutoa 3.0, ukiweka Core i5-11400 kwenye bodi hiyo unapata 4.0. Na kwenye AM5, soketi ya AMD iliyoifuata AM4, kuna mtego wa idadi: Ryzen 5 8500G huipa kadi ya michoro njia 4 pekee, Ryzen 5 8600G huipa 8, na Ryzen 5 7600 huipa 16. Kadi ya x8 kama GeForce RTX 4060 ikikutana na 8500G inafanya kazi kwa x4. Hakuna kitakachokuonya. Picha inatokea, draiva inaingia, na unabaki kujiuliza kwa nini rafiki yako mwenye kadi kama yako anakuzidi.

Kwa hiyo unapolinganisha, weka majina matatu mbele yako: kadi, mazabodi na prosesa. Toleo la chini kati ya matatu ndilo utakalolipata, na idadi ndogo ya njia kati ya matatu ndiyo utakayopewa.

Kuhusu sloti ya pili: kwenye bodi nyingi za kawaida nayo ni ndefu kama ya kwanza, lakini ndani imeunganishwa kwa njia 4, tena kupitia chipseti. Kadi ya michoro ikae kwenye sloti ya juu, iliyo karibu na prosesa, ambayo mara nyingi imezungushiwa chuma. Kitabu cha maelekezo pia kitakuambia kama kuweka diski ya M.2 (ile nyembamba inayochomekwa moja kwa moja kwenye bodi) sehemu fulani kunaipunguzia sloti kuu njia zake. Kwenye baadhi ya bodi hutokea.

BIOS: RTX 4060 na Arc B580 kwenye bodi ya zamani

Hizi mbili zinafaa kuwekwa bega kwa bega. Zote ni x8 za toleo la 4.0. Intel Arc B580 ina kumbukumbu ya GB 12, RTX 4060 ina GB 8. Kwa mwenye mazabodi mpya, GB 12 ni hoja nzito na ningeisikiliza. Kwa mwenye mazabodi ya zamani, mezani kuna neno moja linalobadilisha uamuzi: Resizable BAR.

Huo ni uwezo wa prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo, badala ya kuichungulia kwa dirisha dogo la MB 256. RTX 4060 huutumia ukiwepo, na usipokuwepo huendelea na maisha kwa hasara ndogo. Kadi za Arc zimejengwa zikiutegemea. Bila huo kasi hushuka vibaya mno katika gemu nyingi. Intel yenyewe inataka mtumiaji awe na Core ya kizazi cha 10 kwenda juu, au Ryzen ya mfululizo wa 3000 kwenda juu, kwenye mazabodi yenye uwezo huo. Kama bodi yako ni ya zamani zaidi ya hapo, chukua RTX 4060, hata kama GB 12 zinakuvuta.

Kama bodi yako imo kwenye orodha, bado kuna kazi. Resizable BAR inahitaji kompyuta iwake kwa UEFI kamili, yaani kipengele cha CSM kwenye BIOS, kinachoruhusu kuwaka kwa mfumo wa zamani, kizimwe. Ukikizima wakati diski yenye Windows imegawanywa kwa mtindo wa zamani wa MBR, Windows haitafunguka. Windows 10 na 11 zina zana ya mbr2gpt inayobadilisha diski kuwa ya mtindo mpya wa GPT bila kufuta data. Weka nakala ya mafaili yako kwanza hata hivyo, fanya ubadilishaji, kisha ndipo uingie BIOS kuzima CSM. Kufanya kinyume cha mpangilio huo kumewatia watu hofu isiyo na sababu, wakadhani wameua kompyuta.

UEFI ina umuhimu kwa kadi nyingine pia. Mazabodi za kabla ya mwaka 2012 hivi nyingi zina BIOS ya zamani, na kadi mpya inaweza kukaa humo feni zikizunguka huku skrini ikiwa nyeusi. Msinfo32 ikikuonyesha "Legacy", usikate tamaa papo hapo: huenda bodi ina UEFI lakini iliwekwa kwenye mfumo wa zamani. Kitabu cha maelekezo ndicho kitakachokata shauri. Kinyume chake pia hutokea: kadi kongwe isiyojua UEFI ikiwekwa kwenye mazabodi mpya isiyo na CSM haitoi picha.

Na kabla hujaitoa kadi ya zamani, sasisha BIOS. Ni kazi ya dakika chache ukiwa bado una picha kwenye skrini, na ni mateso ukiwa huna.

Umeme: jina moja, kadi mbili

Sloti ya mazabodi inaruhusiwa kuipa kadi wati 75, basi. Zaidi ya hapo lazima waya utoke kwenye pawasaplai, kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta: plagi ya pini 6 huongeza wati 75, ya pini 8 huongeza 150, na ile ndogo ya pini 16 kwenye kadi kubwa za sasa huweza kufika 600.

Linganisha GeForce RTX 3050 ya GB 8 na RTX 3050 ya GB 6. Kwa jina ni ndugu wa tumbo moja. Ya GB 8 inakula wati 130 na inahitaji plagi. Ya GB 6, iliyotoka mwaka 2024, inakula wati 70, na nyingi hazina plagi yoyote. Zinaishi kwa umeme wa sloti peke yake. Ya GB 8 ina kasi zaidi, hilo halina ubishi. Lakini kama kompyuta yako ni ile ya ofisini, yenye kasha jembamba na pawasaplai ndogo isiyo na waya hata mmoja wa kadi ya michoro, ile ya GB 6 ndiyo itakayowaka. GTX 1650 ya wati 75 iko kundi hilohilo, ingawa baadhi ya watengenezaji waliiongezea kasi na kuiwekea plagi, kwa hiyo angalia picha ya ukingo wa juu wa kadi kabla ya kulipa.

Kuna njia ya mkato ambayo naomba usiifuate. Ni kebo za kugeuza plagi ya SATA, ile ya umeme wa diski, kuwa ya pini 8. Plagi ya SATA imeundwa kubeba wati 54 kwenye mkondo wa volti 12, na pini 8 inaiambia kadi kwamba inaweza kuvuta 150. Plastiki huyeyuka. Vilevile plagi ya pini 8 ya prosesa inafanana sana na ya kadi ya michoro, lakini chanya na hasi zimekaa kinyume. Ikigoma kuingia, usiilazimishe.

Nafasi

Hapa hakuna siri, ni rula. Pima kutoka nyuma ya kasha, pale skrubu za kadi zinapofungwa, hadi kizuizi cha kwanza mbele, ukihesabu feni au rejeta ya maji kama ipo. Linganisha na urefu wa kadi kwa milimita. Kisha unene: kila nafasi moja ya sloti ni milimita 20 hivi, na kadi ya nafasi tatu inafunika sloti zilizo chini yake. Kwenye bodi ndogo za micro ATX hufunika pia plagi za SATA au waya za mbele, hivyo chomeka hizo kwanza. Kasha jembamba linataka kadi fupi ya kimo, yenye bamba lake fupi. Kadi ya kawaida haitafunga.

Ukishaichomeka

Waya wa skrini uende kwenye kadi, usiuache kwenye mazabodi. Kisha fungua programu ya GPU-Z na usome mstari wa Bus Interface. Ukiandikwa "PCIe x8 4.0 @ x8 3.0", maana yake kadi ina uwezo wa 4.0 na mazabodi inatoa 3.0, kama tulivyohesabu juu. Ukiona 1.1 usishtuke, kadi ikipumzika hushusha toleo ili kuokoa umeme. Bonyeza alama ya kuuliza iliyo pembeni, anzisha jaribio la kuchora, uangalie namba ikipanda. Kwenye Linux, sudo lspci -vv inaonyesha mstari wa LnkCap, ambao ni uwezo, na LnkSta, ambao ni hali ya sasa.

Toleo hupanda na kushuka lenyewe, lakini idadi ya njia ikiwa pungufu hata kadi ikiwa kazini, kwa mfano x1 pale unapotarajia x8, chunguza. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, itoe kadi, futa meno yake kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi, irudishe mpaka kibano cha sloti kilie, kisha kaza skrubu. Bado ni x1? Rudi kwenye kitabu cha maelekezo, ukurasa wa sloti, uone kama kuna diski ya M.2 inayogawana njia na sloti hiyo. Kama umetumia kebo ya kurefusha sloti, iondoe ujaribu moja kwa moja: kebo ya toleo la 3.0 chini ya kadi ya 4.0 husababisha makosa, na tiba yake, kama ni lazima ibaki, ni kuingia BIOS na kuifunga sloti kwenye Gen 3, yaani toleo la 3.0.